Kipande cha babu kimeandikwa "Kitosh": ni kabila au ni tusi?

#1 MjukuuWaSolai
Wadau, habari za jioni. Naomba msaada, na naomba tusaidiane bila matusi, maana swali lenyewe linahusu tusi.

Tulimzika nyanya yetu mwezi wa nne. Tulipofungua sanduku lake la bati tukakuta, chini kabisa, chini ya leso na picha za harusi, kipande cha babu. Kile kitambulisho cha kazi cha enzi za mkoloni, pamoja na kikebe chake cha chuma cha kuvaa shingoni. Babu alifariki 1989. Hatukujua kama nyanya alikiweka miaka yote hiyo. Karatasi imekunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu, lakini jina linasomeka na alama za vidole vyake zipo. Mwaka 1936. Wilaya, Kavirondo Kaskazini. Penye kabila pameandikwa KITOSH.

Sisi ni Wabukusu. Babu alikuja huku Solai kijana, akafanya kazi kwa masetla, baadaye akahamia Molo, na watoto wake wote wamezaliwa Nakuru. Sikuwahi kumsikia akijiita Mkitosh hata siku moja.

Mdogo wangu anataka tukitie kwenye fremu tukitundike sebuleni. Khocha, yaani mjomba, amekataa katakata. Anasema hatutatundika tusi ukutani na watoto walisome kila asubuhi. Nilipomuuliza ni tusi la nani kwa nani, na maana yake nini, akanyamaza. Nyumba imegawanyika. Anayejua neno hili lilitoka wapi anieleze tafadhali.

#2 BintiWebuye
Mulembe. Pole kwa msiba.

Khocha wako hajakosea. Kitosh ndilo jina Wabukusu walilobandikwa na serikali ya mkoloni. Hata lokesheni zetu ziliitwa Kitosh Kaskazini na Kitosh Kusini. Wazee walilalamika kwa miaka mingi, na ni katikati ya miaka ya 1950 ndipo jina Bukusu lilipoanza kuandikwa rasmi mahali pake. Kwa hiyo babu yako alizaliwa Mubukusu, akafanya kazi kama Mkitosh, akazeeka Mubukusu tena.

Kuka, yaani babu, alituambia ni neno la Wakalenjin, na maana yake ni "watu wa kutisha". Walituita hivyo kwa sababu ya vita vya zamani.

#3 Chumo_Kapsabet
Chamgei wote. BintiWebuye, nakupinga kwa heshima.

Kinandi nimekinyonya na maziwa ya mama. Adui kwetu ni bunyot, wakiwa wengi ni bunik. Nyumbani hakuna mtu mkali aliyewahi kuitwa kitosh mbele yangu. Naona kila neno baya likikosa mwenyewe huko magharibi linatupwa kwa Kalenjin. Tumebeba mengi, hili mtafute wa kulibeba.

#4 BintiWebuye
Chumo, sikusema "adui". Nilisema "wa kutisha". Rudi usome.

#5 Chumo_Kapsabet
Nimesoma. Hata "wa kutisha" sijaisikia. Na bado nakuheshimu.

#6 NjoroShambani
Guka wangu pia alikuwa nacho. Kwetu tulikiita mbugi, yaani kengele ya kumfunga mbuzi shingoni ajulikane alipo. Jina hilo peke yake linakuonyesha walijisikiaje. Vipande vilianza 1902, reli ilipofika Kisumu. MjukuuWaSolai, kitunze hicho kikebe, vingi vilitupwa chooni kwa hasira.

#7 KaraniMstaafu
NjoroShambani, nisahihishe kidogo. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, hapo uko karibu. Lakini kipande ni cha baadaye. Sheria yake ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920. Ilimhusu kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16. Ndani yake kulikuwa na alama za vidole, kabila, wilaya, mwajiri na mshahara. Ukitoroka kazi, ndicho kilichotumika kukutafuta.

Mleta uzi, nimefanya kazi ya masjala miaka 31 na kuna kitu nataka uelewe kuhusu hilo neno "kabila" kwenye fomu. Karani hamwulizi mtu "wewe ni nani?" Karani ana orodha. Mtu akitaja kitu kisichokuwa kwenye orodha, karani anatafuta kinachokaribia. Kwa hiyo kosa halikuanzia kwa karani aliyeshika kalamu ya babu yako. Uliza orodha ilitungwa na nani, na yeye aliambiwa na nani.

#8 Mwalimu_Kitale
KaraniMstaafu ameuliza swali ambalo mimi nalizungumza darasani kila mwaka. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Mimi nimesikia maelezo matatu. La kwanza ni hilo la BintiWebuye, kwamba neno ni la majirani wetu Wakalenjin na linamaanisha watu wa kuogofya. Hilo ndilo lililoenea zaidi na ndilo lililoandikwa sana. La pili husema neno ni la Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao walipigana na Wabukusu kabla mzungu hajafika. La tatu ni kwamba sisi hatukuitwa hivyo na mtu mmoja, bali neno lilipita mikononi mwa misafara na wakalimani hadi hakuna anayekumbuka lilikotoka.

Sasa fikirini njia mzungu aliyopita kutufikia. Hakutokea Mlima Elgon. Alitokea Mumias. Hobley, afisa wa Waingereza, alikaa kwa Mumia, mfalme wa Wanga. Mwaka 1895 walipokuja kutupiga Lumboka na Chetambe, walikuja na askari Wasudani, Waganda, watu wa Wanga, na Wamaasai wa Uasin Gishu waliokuwa wamekimbilia Mumias. Watu wa Chetambe walikufa wengi sana ndani ya ngome ile, juu ya kilima unachokiona ukiwa Webuye leo. Kwa hiyo mkoloni alipotaka kujua "hawa ni akina nani?" aliwauliza watu waliosimama upande wake, na hao walikuwa wanapigana nasi. Nani humwuliza adui jina la mtu akapewa jina zuri?

Ndiyo maana mimi simlaumu Chumo. Hata kama neno lilizaliwa kwa Kalenjin, safari ya kuingia kwenye karatasi lilisafirishwa na wengine. Na baada ya vita, jamaa za Mumia ndio waliowekwa kuwa machifu juu ya Wabukusu. Jina lililotoka Mumias likakaa.

#9 Mwana_Matungu
Mwalimu, nilijua tu mwisho wa yote tutafikishwa Wanga. Nyinyi mkikosa mvua ni Wanga.

#10 Mwalimu_Kitale
Ndugu yangu wa Matungu, mvua sisemi. Nimesema barabara ilipita kwenu. Hilo huwezi kulikataa, barabara ipo mpaka leo.

#11 Mwana_Matungu
Barabara naikubali. Neno silikubali. Lugha yetu na yenu ni ndugu, tungewaita jina la Kiluhya. "Kitosh" halina sura ya Kiluhya hata kidogo, lingekuwa letu lingeishia na irabu.

#12 Mwalimu_Kitale
Hiyo ni hoja nzuri na sina jibu la haraka.

#13 JaKisumo
Oyawore. Nyinyi mnaomboleza Kitosh, lakini angalieni neno lililo juu yake kwenye karatasi hiyo hiyo. "Kavirondo Kaskazini." Hilo nalo lilikuwa la nani?

Sisi Waluo na nyinyi Waluhya wote tulitiwa gunia moja. Wazungu walisema Kavirondo wa Kinailoti na Kavirondo wa Kibantu, kana kwamba ni ng'ombe wa aina mbili. Ziwa letu hapa Kisumu likaitwa Ghuba ya Kavirondo, leo tunaita Winam. Joseph Thomson alipopita huku 1883 alikuwa tayari analo mdomoni, maana wafanyabiashara wa pwani walilitumia kabla yake. Babu zetu wakasema limetokana na jinsi watu walivyochuchumaa juu ya visigino, watu wa pwani wakacheka. Wengine wanaliunganisha na "kafiri". Mimi hiyo ya kuchuchumaa inanikera sana, maana inaonyesha mtu alitazamwa miguu kabla ya kuulizwa jina.

Lakini ona jambo la ajabu. Mwaka 1923 wazee wetu wakiwa na Askofu msaidizi Owen waliunda chama cha walipa kodi, na wakakiita kwa jina hilo hilo la Kavirondo. Walitumia neno la mkoloni kumdai mkoloni.

#14 KaraniMstaafu
JaKisumo, Walter Owen hakuwa askofu msaidizi, alikuwa akidikoni wa Kanisa la Anglikana. Na kabla ya chama hicho kulikuwa na Piny Owacho, 1921, chama cha wenyewe. Hicho cha 1923 kilikuja kukituliza. Mengine uko sawa. Wilaya yenyewe iliacha kuitwa Kavirondo Kaskazini 1948, ikawa Nyanza Kaskazini.

#15 JaKisumo
Asante karani. Akidikoni nimeandika.

#16 Wakili_Section58
Kuna Kitosh mwingine ambaye mtu wa Nakuru hapaswi kumsahau, na nashangaa hajatajwa.

Mwaka 1923 kulikuwa na kijana aliyefanya kazi kwa setla mmoja Molo, Jasper Abraham. Jina la kijana kwenye kumbukumbu za mahakama ni Kitosh. Alitumwa kumpeleka farasi jike, akampanda badala ya kumwongoza kwa mguu. Kosa lake ni hilo tu. Akachapwa viboko vingi, akafungwa kamba, akafungiwa stoo usiku. Kabla ya kukucha alikuwa amekufa.

Kesi ilisikilizwa hapa hapa Nakuru. Baraza la wazee wa mahakama lote lilikuwa la wazungu. Mashahidi wakasema marehemu alitamka kwamba anataka kufa, na madaktari wakaja na hoja kwamba mtu aliyeamua kufa anaweza kufa kwa nia yake, si kwa viboko. Ikakubalika. Setla hakupatikana na hatia ya kuua bali ya kuumiza vibaya, akapewa miaka 2.

Mimi naamini huyo kijana hakuitwa Kitosh na mama yake. Naamini ni kabila lake lililoandikwa na bwana wake kwa uvivu. Alikufa na mahakama ikamzika bila jina.

#17 NjoroShambani
Mungu wangu. Miaka yote nimepita barabara ya Molo sijui haya.

#18 Mwana_Matungu
Wakili, habari inaumiza na nimeisoma mara mbili. Ila usijenge nyumba juu ya imani. Mtu anaweza kuitwa Kitosh kama jina lake halisi. Kuna watu wanaitwa Masai na si Wamaasai.

#19 Wakili_Section58
Nimesema "naamini". Lakini hoja yako naipokea.

#20 ChepKericho
Chamgei, ndugu zangu. Kwetu Kericho tuliitwa Lumbwa, hadi wilaya ikaitwa hivyo. Kituo cha reli kilichokuwa kikiitwa Lumbwa ndicho Kipkelion ya leo. Neno ni la Wamaasai, Ilumbwa, wakimaanisha watu wanaolima, na kwa Mmaasai wa zamani kuchimba ardhi lilikuwa jambo la kudharaulika. Kipsigis mwenye ng'ombe zizi zima anaitwa mlimaji! Marehemu agogo alikuwa akitema mate akilisikia redioni.

Nataka kuongeza kitu. Mimi ninafanya kazi ya majani chai, na mwanamke wa kigeni aliyetutembelea aliniuliza kwa upole kabisa kama mimi ni "Lumbwa", kwa sababu alisoma kitabu cha babu yake. Hakuwa na nia mbaya. Alilitamka kama anavyotamka Kericho. Nilikasirika, kisha nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Neno lililokufa kwetu liko hai kwenye kabati la mtu mwingine.

#21 Mwana_Mau
Mimi ni Mogiek wa Mau, upande wa Nessuit. Nyinyi wote mmebadilishiwa majina tangu miaka ya hamsini. Sisi bado tunaitwa Wandorobo mchana kweupe.

Ni neno la Kimaasai tena, Iltorobo, mtu maskini asiye na ng'ombe. Yaani ulikuwa unatambuliwa kwa kile usichokuwa nacho. Hakuna aliyeuliza tuna nini. Tulikuwa na asali, msitu na mizinga. Tulienda hadi Arusha kwenye Mahakama ya Afrika, na tarehe 26 Mei 2017 ikaamua upande wetu. Kwenye hukumu tunaitwa Ogiek. Nikirudi sokoni Njoro mtu ananiuliza bei ya asali "we mdorobo". Mwenyewe anadhani anataja kabila tu.

Khocha wa mleta uzi mwambieni namwelewa.

#22 Chumo_Kapsabet
Mwana_Mau, pole ndugu. Hilo hata mimi nimelisema utotoni na sikulijua. Sitalisema tena.

Sasa nami nitoe la kwetu. Mnajua "Nandi" nalo si letu? Wazee walijiita Chemwal. Waswahili wa misafara ndio waliotuita Nandi, kutokana na mnandi, yule ndege mweusi wa majini mlafi wa samaki, kwa sababu tuliwavamia na kuwanyang'anya. Ni tusi tupu. Lakini leo mwambie mtu wa Kapsabet si Mnandi uone. Jina la mlafi likawa jina la Koitalel, kiongozi wetu, na Waingereza walilitamka kwa woga miaka kumi na zaidi, mpaka walipomuua Koitalel kwa hila Oktoba 1905. Sisi tulilichukua, tukalivaa, na limetukaa.

Hiyo ndiyo sababu nauliza kwa nini Wabukusu hamkulivaa Kitosh. "Watu wa kutisha" ni afadhali kuliko ndege.

#23 BintiWebuye
Kwa hiyo ndege amekubali kutua. Karibu Webuye, tuna mto Nzoia, samaki wapo.

Lakini swali lako ni la haki, nalijibu kwa moyo. Nyinyi mlipoitwa Nandi mlikuwa bado na mikuki, na aliyewaita hivyo alikuwa akiwakimbia. Sisi neno hili tuliandikiwa baada ya Chetambe. Lilitufikia tukiwa tumeshindwa, likaandikwa kwenye kodi, kwenye kipande, kwenye barua ya chifu ambaye si wetu. Ndiyo maana halikuvalika.

#24 Simiyu_wa_Bumula
Mimi napinga wote wawili. Ndugu yangu na vijana wenzake walikuwa na timu ya mpira ya kijiji miaka ya tisini wakaiita Kitosh kwa fahari, waliambiwa maana yake ni wakali. Walishona hadi jezi. Mzee mmoja alikuja uwanjani akataka wazivue, vijana wakamwuliza tusi liko wapi hapo. Tulishinda ile mechi na jina likabaki mpaka timu ilipovunjika. Kwa kizazi kile halikuuma. Neno likikosa mtu wa kulisema kwa dharau, linabaki na nini?

#25 BintiWebuye
Linabaki na yule mzee uwanjani.

#26 Mwalimu_Kitale
Nirudi kwa Chumo kuhusu ukoo wa neno. Kuna jambo linalonifanya nisite kusema tulikuwa maadui tu. Hesabuni marika yetu ya tohara. Kwetu kuna Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Kwa Kalenjin kuna Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Ndugu Chumo, hata jina unalotumia hapa ni rika letu pia! Watu hawagawani majina ya marika kwa kurushiana mishale. Kuna kuoana hapo, kuna kulishana, kuna watoto waliotahiriwa pamoja. Mimi naona hata kama neno lilitoka kwenu, huenda halikuanza kama tusi. Huenda lilikuwa jina la kundi fulani, au la upande fulani wa mlima, kisha likachukuliwa na mtu wa tatu likavikwa dharau.

#27 Chumo_Kapsabet
Mwalimu, hapo umenigusa. Bibi yangu anatoka kwa Wabukusu wa Kiminini, na wajomba zake watu wa Maina hawakuwa na shida kukaa na wetu wa Maina.

Lakini kwa kuwa tunasema ukweli, nanyi semeni. Mnatuita nani nyumbani?

#28 Simiyu_wa_Bumula
Barwa.

#29 Chumo_Kapsabet
Na hilo mnalisema kwa upendo?

#30 BintiWebuye
Hapana. Kwa ukweli wa Mungu, nikilisikia kwa mama sikuwahi kulisikia kwa wema. "Lala, Barwa watakuja." Nilikua nikidhani ni jina la mnyama wa usiku. Samahani, Chumo.

#31 JaKisumo
Kwa kuwa leo ni siku ya kutubu, sisi tunamwita Mbantu yeyote jamwa. Maana yake ni mgeni asiyesema lugha yetu, lakini linavyotamkwa unaweza kudhani ni ugonjwa. Na sisi tunalo letu la kutuuma. Nyumbani nikijiita jaluo nimesema tu mimi ni Mluo, ndiyo lugha yetu. Nikiwa kwenye matatu Nakuru mtu akasema "wajaluo hawa", damu inapanda. Herufi zile zile. Sikio langu linapima mdomo uliotamka.

#32 MamaAfraha
Nimesoma tangu mwanzo sikutaka kuandika. Sasa naandika.

Mnazungumza maneno ya kigeni, Kitosh, Lumbwa, kama kwamba tusi lazima litoke lugha nyingine. Mimi tusi langu ni Kiswahili safi. Madoadoa. Neno la chui, la kanga, la ng'ombe, tukaitwa sisi tusio wa kabila la mahali. Nilikuwa nauza nguo Nakuru, na kabla ya uchaguzi wa 2007 mteja wangu wa miaka sita, mwanamke tuliyekuwa tukipeana chumvi, aliniambia "madoadoa yatatolewa". Akacheka. Mimi nikacheka pia kwa sababu sikuelewa. Januari 2008 nililala uwanja wa maonyesho na watoto watatu, kwa wiki tano.

Lilitumika kabla ya hapo, tangu ghasia za 1992, wazee wa Bonde la Ufa wanalijua. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu waliokufa 1,133. Kila ninapofua nguo na kuona doa nalikumbuka. Januari 2022 aliyekuwa seneta wa Meru, Linturi, alilitamka jukwaani Eldoret akakamatwa, na mwezi wa Aprili Tume ya Uwiano na Utangamano ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Binti yangu ni mwalimu wa chekechea. Ameniuliza atawafundishaje watoto kumweleza chui.

Msitafute sana lilikotoka neno. Mimi najua lilikotoka la kwangu. Lilitoka kwa mtu niliyempa chumvi.

#33 NjoroShambani
Mama, pole sana. Sina la kuongeza.

#34 MzeeWaKanisa_Bahati
Mama, neno hilo hilo liko Mwanzo 30. Yakobo alipoulizwa na Labani mshahara wake, aliomba wanyama wenye madoadoa na marakaraka, na hao ndio Mungu aliowaongeza. Nimehubiri hilo hapa Bahati tangu 2008 na nitaendelea. Sikubali wanasiasa wamiliki neno la Biblia.

#35 MamaAfraha
Asante mzee. Hubiri. Mimi bado siwezi kulisema kanisani.

#36 Msimamizi
Ujumbe mmoja umeondolewa hapa. Uzi huu unaeleza matusi, hautumii. Endeleeni.

#37 MjukuuWaSolai
Nilinyamaza kwa sababu nilienda Solai kumwona senge yangu, binti mkubwa wa babu. Ana miaka 81 na akili zake zote. Nilimpelekea kipande akakishika muda mrefu bila kusema.

Akanieleza hivi. Babu mwenyewe alimsimulia. Alipofika kwa karani akaulizwa kabila, akajibu "Mubukusu." Karani akapitisha kidole kwenye karatasi, akasema hakuna. Akauliza unatoka wapi, babu akataja kwao. Karani akasema basi wewe Kitosh, akaandika. KaraniMstaafu, ulisema orodha. Ilikuwa orodha kweli.

Halafu kuna jambo ambalo sikulitarajia. Senge anasema kule shambani nyapara hakuwaita wafanyakazi kwa majina. Asubuhi alisimama na kupaaza sauti, "We, Kitosh!" na wanaume watatu wa kwetu wakaitika kwa pamoja. Babu hakuitika. Alisubiri aitwe jina lake. Siku ambazo nyapara alikasirika, alimwacha afanye kazi hadi jioni kisha hakumtia alama kwenye tikiti, na ile siku ikawa haina mshahara. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida babu kumaliza tikiti ya siku 30. Senge anasema mara moja ilimchukua karibu miezi miwili.

Wakili, nilipomsomea habari yako ya Molo, senge alisema neno moja tu: "Walimwita hivyo." Sijui kama ni ushahidi. Ndivyo alivyosema.

#38 Wakili_Section58
Mahakamani si ushahidi. Mimi nimeuandika kwenye daftari langu.

#39 Mwana_Matungu
Nimeguswa na babu yako. Ninaondoa maneno yangu ya #18 nusu. Nusu nabaki nayo.

#40 Chumo_Kapsabet
MjukuuWaSolai, babu yako alikuwa mwanamume. Lakini wadau, bado hatujajua neno lilizaliwa wapi. Mwalimu anasema huenda kwetu, Mwana_Matungu anasema si Kiluhya, mimi nasema nyumbani sijalisikia. Wikendi hii naenda Mosoriot, kuna mzee wa rika la Sawe ambaye hajapotewa na kumbukumbu. Nitamwuliza bila kumwambia kwa nini nauliza, nione uso wake.

#41 Mwalimu_Kitale
Mwulize pia kama analijua kama jina la mahali. Usimtajie maana yoyote kabla hajasema.

#42 BintiWebuye
Na fremu je?

#43 MjukuuWaSolai
Khocha anakuja Jumapili. Senge amesema kipande kitundikwe, lakini kwanza tuandike jina la babu kwa herufi kubwa kwenye karatasi nyingine, tuiweke juu yake ndani ya fremu ile ile. Mdogo wangu anaona tutakuwa tumeharibu kitu cha kihistoria. Khocha bado hajaambiwa. Nitawajulisha.